Ekzosi ya Mume Wetu

Alasiri moja nilikuwa jikoni kwangu Kiembe Samaki nachagua mchele, nikasikia mume wangu anapiga hodi. Niliitika karibu, lakini mkono uliganda juu ya ungo. Gari sikuisikia. Kwa miaka miwili gari ile nilikuwa naisikia tangu inapoacha barabara ya uwanja wa ndege, ikikata kona ya msikitini, mpaka vikombe kabatini vianze kugongana. Hapo ndipo nilipokuwa nikibadilisha kanga na kubandika maji ya chai. Siku ile alinikuta na kanga ya jikoni, ina madoa ya mafuta, na chai hakuna.

Nikatoka nje kuitazama. Alikuwa hajaizima, anataka kuisogeza kivulini, nayo imetulia kama kuku anayeatamia. Nikamuuliza imefanywa nini. Akasema fundi kairekebisha kidogo. Nikamuuliza lini. Akasema juzi.

Juzi haikuwa zamu yangu.

Mume wangu ana duka la taa na nyaya za umeme Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, pahala ambapo gari haiingii. Anaiacha nje ya mitaa, anamalizia kwa miguu. Nadhani ndiyo maana mtu yule, anayeshinda kutwa kwenye uchochoro hapati hata pa kunyoosha mikono, alipenda gari yake isikike. Ekzosi iliyokuja na gari ilipoliwa na kutu ya chumvi, hakutafuta ya namna ile ile. Alirudi safari ya Dar na kopo jengine la ekzosi, jembamba, linang'aa kama sufuria ya harusi, akalipeleka kwa kijana mmoja wa kando ya barabara aliyelifunga baina ya adhuhuri na alasiri. Jioni yake aliniita nje, akakanyaga mafuta, watoto wa jirani wakakimbia. Mimi niliweka mikono masikioni. Yeye akacheka, akasema hiyo ndiyo sauti ya gari, ile ya zamani ilikuwa kikohozi.

Mjini ungeweza kuivumilia. Balaa lilikuwa njia ya Paje. Mama yangu anakaa Paje. Amelima mwani mpaka mgongo umekataa, na sasa kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, tunakwenda kumchukua kumleta mjini kwa ajili ya dawa zake za presha. Ukishapita Tunguu barabara inanyooka, na mume wangu akifika spidi ya sabini, gari ilianza kuvuma. Si kelele ya kuumiza sikio. Ni kitu kizito kinachoingia kifuani kikakaa nyuma ya macho, hakipandi wala hakishuki. Ukisema neno, linatoka limekatwakatwa. Mama alikuwa akijifunga kanga kichwani kwa nguvu, na tukifika Jozani anaomba tusimame. Anakaa juu ya jiwe pembeni ya barabara, macho kayafumba, na watalii waliokuja kuwaangalia kima wanamwangalia yeye.

Nilimwambia mume wangu kwa upole, nikamwambia kwa hasira, nikamwambia kwa kupitia dada yake. Kila mara jibu lilikuwa moja: ntaangalia.

Katika miaka hiyo hiyo akaoa mke wa pili. Alinieleza baada ya kula, si kabla, na kwa hilo nilimshukuru. Mwanamke wa Bububu, mjane, mdogo kwangu kwa miaka minane, anaoka keki za harusi. Mimi ni mwalimu wa skuli, nimezoea kuzungumza nasikilizwa, lakini siku ile nilitoa vyombo mezani bila ya kusema kitu. Mke mwenzangu nilimwona mara mbili tu baada ya hapo, mara zote msibani, ambapo kila mtu ni mzuri. Nilichokuwa nakijua ni kuwa anaendesha gari kama mtu anayewahi boti, na kwamba mume wetu anamwachia ufunguo. Mimi leseni ninayo tangu kabla sijaolewa, na ufunguo nilikuwa nauomba.

Tangu alipooa, ile sauti ikawa saa yangu. Nilijua amekuja, nilijua amechelewa. Na siku zisizokuwa zangu, mara nyengine alikwenda kuchukua mzigo uwanja wa ndege, nikamsikia anapita barabara kubwa, anakaribia kona ya msikitini, halafu anaendelea moja kwa moja. Kusikia gari ya mumeo inapita bila ya kukata kona ni jambo ambalo sijapata neno lake mpaka leo.

Basi alasiri ile, alipoingia ndani kuoga, nilifungua mlango wa nyuma wa gari nikaipekua. Sioni haya kusema. Kwenye zulia, chini ya kiti cha nyuma, paliganda kitu cheupe kama chokaa. Nikakigusa kwa kidole nikakionja. Sukari. Nikainua uso, na gari nzima ilikuwa inanukia vanila.

Nikafahamu yote kwa mara moja, au nilidhani nimefahamu. Mama yangu amekaa juu ya jiwe miaka miwili. Huyu wa keki kasema siku moja, na gari imepelekwa kwa fundi. Nilimpa mume wangu chakula chake, akala, akamsifu samaki. Nilimtazama anavyotoa miba kwa utulivu, nikawaza namna alivyomsikiliza yule, pengine akiwa amelala chali, pengine anacheka, anamwambia usijali, kesho naipeleka. Neno hilo, kesho, ndilo lililoniuma. Mimi sikuwahi kupewa kesho.

Ijumaa tulikwenda Paje. Njiani aliniuliza kama naona tofauti, na mjini kweli ilikuwepo: usukani hautetemeki, kioo cha pembeni kinaonesha sura badala ya ukungu. Lakini tulipopita Tunguu, mshale ukafika sabini, mvumo ukarudi mzima kama ulivyokuwa. Mama alikaa juu ya jiwe lake kama kawaida. Nikafahamu kuwa hata dawa ilikuwa imepimwa kwa ugonjwa wa mtu mwengine.

Wiki ile ile mume wangu alisafiri kwenda Dar kununua mali, siku nne. Safari ilianzia kwenye zamu yangu, kwa hiyo ufunguo ulibaki kwangu. Nilimuuliza kwenye simu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, fundi mwenyewe yuko wapi. Akanambia ni barabara ya Bububu, penye uzio wa mabati ya buluu. Siku ya pili, nilipomaliza vipindi, nilivaa baibui langu jipya nikaenda. Sikwenda kutengeneza kitu. Nilikwenda kujua amesemaje huyo mwanamke, na mume wangu alikuwa na uso gani wakati anamsemea.

Fundi alikuwa mtu mzima, wazee wake walitoka bara, mwenye maneno machache na mikono iliyoungua ungua. Masikio yake yamechoka kwa nyundo, unasema naye ukiwa upande wa kulia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza, "Bi mkubwa, gari ina tatizo gani tena?"

Nikamuuliza nani kamwambia mimi ni bi mkubwa. Akababaika, akasema ni heshima tu, kila mama anayekuja anamwita hivyo. Nikaona aibu, nikamwambia kuwa gari ni ya mume wangu. Akaitazama, akanitazama, na akawa mwangalifu.

"Aliyeileta ni mama wa keki," akasema.

Nikamuuliza alikuja na bwana. Akasema hapana, alikuja peke yake. Bwana alimwona siku ya kuja kuichukua tu, na wala hakuwa akijua imefanywa nini. Alipiga moto, akauliza mbona haina sauti, mama wa keki akamwambia apande waondoke.

Nilikaa juu ya tairi. Nilikuwa nimekuja na wivu wa aina moja, na hapo hapo ukabadilika ukawa mwengine, na huu wa pili ulikuwa mzito zaidi. Mume wetu hakumsikiliza yule zaidi kuliko mimi. Inawezekana yeye naye aliambiwa ntaangalia. Tofauti ni kuwa hakungoja.

Fundi alinieleza ilivyokuwa. Mama wa keki alikuwa anapeleka keki ya ghorofa tatu harusini Malindi, akakwama kwenye foleni ya Darajani, na gari ikisimama huku inawaka ilikuwa inatetemeka mpaka sakafuni. Keki ikapasuka. Alifika pale kesho yake na ubao wa keki iliyopasuka, akauweka juu ya boneti, akasema hataki kuambiwa kuwa gari ndivyo ilivyo. Akaweka bakuli la maji kwenye kiti cha nyuma, akavuta kigoda, akakaa siku mbili. Kila fundi aliposema tayari, yeye aliangalia maji. Yakitikisika, anasema bado.

Nikamwambia fundi anioneshe kilichofanywa. Akasema viko chini, lazima mtu ashuke shimoni. Nikamuuliza, "Yeye alishuka?" Akasema hapana. Nikakunja baibui nikashuka.

Kule chini, kwa mwanga wa taa ya waya, alinionesha makosa ya yule kijana wa mwanzo kama ninavyomwonesha mwanafunzi daftari lake. Kopo jipya halikukutana na kulabu za zamani, basi kijana akachomelea chuma kwa chuma. Ekzosi inatakiwa ining'inie kwenye raba, icheze kidogo peke yake. Ukiishika kwa chuma, kila inachopiga injini kinapanda sakafuni mpaka kwenye meno ya abiria. Tena bomba lilikuwa limegusa bodi pahala pamoja, na bolti zilikazwa gari ikiwa imenyanyuliwa kwa jeki, kwa hiyo iliposhuka kwenye magurudumu yake kila kitu kikajikunja. Fundi alikata vyuma vyote, akatia raba mpya, akalisogeza bomba vidole viwili kutoka kwenye bodi, na akatia kipande cha bomba la kunepa karibu na injini. Bolti alizikaza mwisho, gari imekaa chini na ina moto wake. Ndipo maji ya bakuli yalipotulia.

Nikamwambia, na mvumo wa sabini je. Akauliza mvumo gani. Nikamweleza njia ya Paje, kifua, macho, mama yangu. Akasikiliza kwa sikio lake la kulia, akatikisa kichwa.

"Yule hakunambia hilo," akasema. "Nadhani na keki zake hafiki sabini."

Kitu hicho kilinifurahisha kuliko inavyostahiki. Kumbe palikuwa na ugonjwa wa gari ile nnaoujua mimi peke yangu.

Fundi akasema mvumo si mtetemo, na raba haziutibu. Lile kopo jembamba limenyooka ndani, halimezi sauti, linaipitisha. Injini ikifika mwendo fulani, sauti yake na urefu wa bomba zinakubaliana, na gari inavuma kama chupa inayopulizwa mdomoni. Wengine wanatandika mazulia mazito sakafuni. Hayo, akasema, ni kumfunika mgonjwa shuka. Dawa moja ni kurudisha kopo kubwa la namna ya mwanzo. Nyengine ni kuchomelea ubavuni bomba pofu, lililozibwa mwisho. Sauti inaingia humo, inagonga kizibo, inarudi, na ikirudi kwa wakati wake inakutana na mwenzake anayekuja, zinauana. Lakini urefu lazima uwe wenyewe hasa, na urefu hauonekani kwa macho. Unatafutwa barabarani, kwa sikio.

"Na mimi sikio sina," akasema. "Bwana wako ana sikio?"

Nikamwambia bwana wangu hana. Mimi ninalo.

Aliitengeneza siku iliyofuata, kipande cha bomba cha kama mikono miwili na nusu, akakikunja kikalala sambamba na lile kubwa, na ndani ya mwisho wake akatia kizibo cha kusogea kinachobanwa kwa skrubu. Mimi nikashika usukani, yeye akakaa nyuma na spana zake na gunia lililoroweshwa maji. Sikuwahi kuendesha gari ile zaidi ya sokoni. Tulipita Tunguu, nikakanyaga. Sitini, sitini na tano. Sabini ikavuma.

Nikasimama pembeni. Fundi akajiingiza chini, bomba likitoa moshi kwenye gunia, akasukuma kizibo kidole kimoja. Tukarudi mwanzo, tukaanza tena. Ikavuma, lakini sasa kwenye sabini na tano. Nikamwambia imehama. Akanitazama kwenye kioo kama mtu aliyeona kitu kipya, akaniuliza nina hakika. Nilitaka kumwambia kuwa nimekaa miaka miwili nikiisikiliza sauti ile ikija na ikipita, naijua kuliko nnavyoijua sauti ya mwenye gari. Nikamwambia tu kuwa nina hakika, arudishe nusu kidole.

Mara ya nne nilipita sabini sikusikia kitu. Nikafika themanini, nikashuka sitini, nikapanda tena. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa amekushika mabega kwa nguvu akaondoa mikono. Nikamwambia fundi imekwenda. Nilikuwa nacheka, na nadhani machozi yalikuwa yananitoka pia, kwa sababu aligeuza uso akaangalia mashamba.

Alikichomelea kizibo moja kwa moja jioni ile ile. Asubuhi yake nilikwenda Paje peke yangu kumchukua mama, ingawa haikuwa Ijumaa yake. Mama alitoka na kanga yake ya kichwa mkononi, tayari kuifunga. Hakuifunga. Tulipofika Jozani nilipunguza mwendo kumuuliza kama tusimame, na alikuwa amelala, mdomo wazi. Alizindukana Tunguu, akaniuliza kama mume wangu ndiye aliyeitengeneza. Nikamwambia hapana, nimeipeleka mwenyewe.

Akasema, "Miaka miwili nilidhani unaogopa gari. Kumbe ulikuwa unamngoja yeye."

Nikaangalia barabara.

Mume wetu aliporudi hakutambua kitu mpaka Ijumaa ya pili yake, tulipopita Tunguu. Alipunguza mwendo, akaongeza, akapunguza. Akaniuliza. Nikamweleza yote, shimo, bomba pofu, kizibo. Nilitegemea atanipongeza au atagomba. Alichouliza ni nani aliyekuwa garini siku ya kujaribu. Nikamwambia mimi na fundi.

"Peke yenu?"

"Yeye alikaa nyuma."

Aliukamata usukani kwa mikono miwili mpaka Kitogani. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. Niliutambua mshipa ule, maana nami ninao. Sitasema uongo kuwa nilimhurumia. Nilikaa raha mstarehe kwenye kiti changu, nikafungua dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vyombo nilisikia utamu wa kitu nisichokuwa nimekipika mimi.

Utamu huo ulidumu siku chache. Jumatano moja simu ililia, namba siijui. Alikuwa mke mwenzangu. Hatukuwahi kuzungumza kwa simu. Alinisalimia kwa adabu zote, akasema amepeleka keki hotelini Paje, harusi ya wageni, na njiani alijitayarisha kwa ule mvumo wa sabini, haukuja.

"Kumbe unaujua?" nikamuuliza.

Akasema alikuwa anaujua. Mara moja moja anafika hadi Makunduchi na mizigo yake. Alidhani hautibiki, na keki haiumwi kichwa, basi akaunyamazia. Akataka kujua fundi amefanya nini. Nikamweleza, na nilijieleza kwa urefu, nikimpitisha kwenye kila kidole cha kizibo, kwa sababu nilitaka ajue kuwa kipo asichokiweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakushindana nami.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini niliushughulikia. Nikamwambia mama yangu, presha yake, kichwa chake, lile jiwe la Jozani.

"Dada, mimi niliambiwa mama anaumwa," akasema. "Sikuambiwa kama ni gari. Ningelijua, ningelimwambia fundi siku ile ile."

Nilimshukuru, tukaagana. Nikakaa kitandani na simu mkononi. Nilijua kuwa anasema kweli. Angelivuta kigoda chake akakaa pale siku ya tatu na ya nne, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, mpaka kichwa cha mama kitulie kama maji ya bakuli. Nilikuwa nimejizoeza kumuonea wivu kwa umri wake, kwa ufunguo wake, kwa siku zake mbili baada ya siku zangu mbili. Kumuonea wivu kwa namna ambavyo angelimshughulikia mama yangu mzazi, hilo sikuwa nimejitayarisha nalo.

Sisi si marafiki. Tunasalimiana, na likizuka jambo la gari tunapeana habari, mara nyingi kwa maandishi mafupi. Ufunguo wa gari, kila Ijumaa ya Paje, sasa unakaa kwangu, umetundikwa kwenye msumari jikoni, na hakuna aliyeuliza umefikaje pale.